Tochi ya walinzi wa vizimba: plastiki, ya kuvuta kichwa au ya betri ya kutoa? Mwanga unashuka haraka sana

Mfugaji_Luchelele
Wakuu habari za jioni. Nina vizimba vya sato huku Luchelele, Mwanza, walinzi wangu wanalalamika kuhusu tochi kila siku. Ikitoka kwenye chaji inamulika mpaka kizimba cha mwisho, baada ya muda mfupi mwanga umeshuka hata kamba ya nanga huioni, ukizima ukawasha unarudi kidogo afu unashuka tena. Nataka kununua wiki hii na nimeona aina tatu. Kuna ile ya plastiki ya mpini yenye kioo kikubwa, pale Makoroboi wananiambia elfu 15. Kuna ya chuma fupi ya kuvuta kichwa ili kukusanya au kutanua mwanga, elfu 25. Halafu kuna ya aluminiamu inayotumia betri moja ya kutoa ya 18650, zile za lithiamu za mviringo, dogo mmoja anaagiza China, tochi pamoja na betri yake inafika elfu 70. Nichukue ipi? Nawasilisha.

FundiRedio_Mkolani
Mkuu umeruka yale yenyewe tunayohitaji. Unataka ngapi? Wanawasha usiku kucha au wanamulika na kuzima? Wanachajia wapi, umeme wa Tanesco au sola? Na hiyo ya sasa, mwanga ukishuka shika kichwa chake, kina moto au kimepoa? Hili la mwisho usiliache.

Mzee wa Kayenze
Chukua ya plastiki, achana na mambo mengi. Nyepesi, mwanga mpana, ikidondoka ziwani nyingi zinaelea unaifuata na kasia. Hiyo ya chuma ikidondoka ni zawadi ya sangara.

MamaDuka_Buhongwa
Mzee wangu shikamoo, lakini kwa plastiki nakupinga kabisa. Nililetewa hizo dukani nikaziuza, nikabaki na moja ya nyumbani. Mwanzoni nilifurahi, umeme ukikatika sebule nzima mchana. Kijana wangu akawa anaondoka nayo usiku kwenda kuangalia mashine ya maji bondeni, anaiacha inawaka kwenye fuli muda wote maana kazi yenyewe inataka mikono miwili. Haikuchukua muda mwanga ukaanza kuwa wa bluu bluu hivi, kama wa simu, na mbele haufiki. Nikadhani betri, nikaichaji usiku kucha, asubuhi ni vile vile. Wateja nao wakaanza kurudi na zao, wengine kwa hasira, na kumbuka mimi ndiye niliyewapa kwa mkono wangu. Nikampelekea fundi akaifungua mbele yangu. Taa yenyewe imegandishwa kwa gundi juu ya plastiki tupu, hakuna chuma hata kidogo nyuma yake, ile rangi ya njano ya juu ya LED imeungua ina doa jeusi katikati, na plastiki ya nyuma imelainika. Betri ilikuwa nzima! Fundi akaipima mbele yangu nikaona. Wateja niliwarudishia hela zao, na huyo wa jumla nikamwambia asiniletee tena mzigo wa namna hiyo.

FundiRedio_Mkolani
Dada umemaliza kila kitu. Watu wanadhani LED haina joto kwa sababu mbele hapaunguzi kama globu za zamani. Joto lipo, zaidi ya nusu ya umeme unaoingia unageuka joto, ila linabaki nyuma ya kile kidude cha njano na linatakiwa lipite kwenye chuma litoke nje. Aluminiamu inapitisha joto mara mamia kuliko plastiki. LED ikikosa pa kutolea joto mwanga unapungua hapo hapo, ikipoa unarudi. Ukiendelea kuichemsha hivyo kila siku ile rangi ya njano inaungua, na hapo haurudi tena, ndio bluu aliyoiona dada.
Kwa hiyo tochi ya chuma ikipata moto mkononi msiogope, hiyo inafanya kazi yake. Inayotisha ni ile yenye mwanga mkali halafu bomba limepoa kabisa.

Mfugaji_Luchelele
Asanteni. Nahitaji nne. Wanachajia sola ya pale kwenye kibanda. Hii ya sasa kichwa ni plastiki, nikishika ni uvuguvugu tu.

Bwiru86
Mnamzungusha, shida yake ni betri bwana. Tochi za bei hii hazina kidhibiti cha umeme, LED imeungwa kwenye betri karibu moja kwa moja. Lithiamu ikijaa ni volti 4.2, ikikaribia kuisha 3 na kitu, mwanga unashuka nayo hatua kwa hatua. Na akichajia sola siku ya mawingu ndio haijai kabisa. Hizo betri zilizoandikwa 9900 mAh, yaani kiasi cha umeme inachobeba, ni uongo, 18650 ya kweli kwa kawaida haizidi 3600 hivi, tena hiyo ni ya bei.

FundiRedio_Mkolani
Sikatai, vyote viwili vipo. Njia ya kuvitenganisha: chaji mpaka ijae, washa ukielekeza darini chumba kikiwa giza, iache mpaka mwanga ushuke, halafu ipulizie feni bila kuizima. Mwanga ukipanda, ni joto. Usipopanda ni betri. Usipime kwa macho, mwanga ukipungua robo jicho halioni, tumia programu ya simu ya kupima mwanga na simu isiondoke ilipo.

Bwiru86
Kwenye plastiki feni itasaidia nini? Joto limefungiwa ndani, ni sawa na kumpepea mtu aliyevaa koti la mvua.

FundiRedio_Mkolani
Hapo umesema kweli. Kwa ya plastiki izime, isubiri ipoe kabisa, washa bila kuchaji. Ikirudi karibu na mwanzo ni joto. Ikirudi kidogo tu kwa sekunde chache, betri imechoka. Kwa maelezo yake naona ana yote mawili.

Ng'wana Igombe
Hiyo ya kuvuta kichwa msimwache ainunue kwa kazi ya ziwani. Kila ukivuta inanyonya hewa, na hewa ya ziwani usiku ni maji matupu, kioo kinaingia ukungu. Ukikusanya mwanga uende mbali nusu ya mwanga inapotelea ndani ya kichwa. Nyingi ndani zina uwazi, LED imekaa kwenye kibati chembamba, kwa nje unaona chuma unadhani umenunua chuma.
Mimi nina tochi ya Convoy S2+, ya 18650, bomba la aluminiamu. Naiweka mwanga wa kati, usiku naumaliza. Fuli ni ya kumulika na kuzima tu.

Mzee wa Kayenze
Elfu 70 mara nne kwa ajili ya tochi! Na kwenye dagaa mbona taa za LED zinawaka giza zima la mwezi juu ya maboya na haziungui? Enzi za karabai tulikuwa tunabeba mafuta ya taa na utambi wa akiba, sasa hivi ni betri na taa tu.

Ng'wana Igombe
Mzee zile zinapigwa upepo wa ziwa usiku mzima, na zina LED nyingi zinazogawana umeme mdogo mdogo. Tochi inabana yote kwenye nukta moja.

MamaDuka_Buhongwa
Na maandishi ya boksi msiyaamini. Hata wanaofuata FL1, kile kipimo rasmi cha tochi, wanahesabu saa mpaka mwanga ufike asilimia 10 ya mwanzo. Saa 6 za kwenye boksi, nyingi zake ni za mwanga hafifu.

Mfugaji_Luchelele
Kwa hiyo mbili za aluminiamu na mbili za plastiki? Nawaza pia taa ya sola ya kusimama kwenye kibanda.

Bwiru86
Ukiagiza hizo za aluminiamu ongeza betri za akiba, moja ichajiwe mchana nyingine iko kazini. Ila nani anajua duka la hapa mjini lenye 18650 orijino? Nilizopata mimi ni za kwenye laptopu za zamani.

Mzee wa Kayenze
Igombe, giza hili dagaa wanatoka? Huku kwetu upepo umetukataza.

Ng'wana Igombe
Wanatoka mzee, ila wadogo. Bei Mwaloni imepanda, nitakupigia.

FundiRedio_Mkolani
Mfugaji, hujajibu: wanawasha muda wote au wanamulika na kuzima?