Ati reli ya ghorofani si ya kuegemewa, ni ya urembo!

BibiWaGhorofa

Ndugu zangu wa jukwaa hili, ninaandika mikono ikiwa bado inatetemeka na vumbi la mota halijanitoka kwenye kanga. Jina la fundi aliyenifungia reli silitaji, kwa kuwa hakuna haja. Ni yule yule. Kuanzia kituo cha daladala hadi kule kwenye tangi la maji hakuna ukuta ambao hajautoboa na kuuacha katika majonzi, na kama kuna mtaa ambao bado hajaufikia, basi watu wake wafunge milango usiku huu. Ambaye hakuwa akimjua atamjua leo kwa kauli yake moja: "Mama, reli si ya kuegemewa, ni ya urembo."

Naomba msome tena. Reli ya chuma, ghorofa ya pili, kwenye baraza ambalo wapangaji wangu huanikia nguo na watoto wao hulichezea kutwa nzima, si ya kuegemewa!

Jioni hii mpangaji wa chumba cha pembeni aliegemea reli hiyo akizungumza na simu, na reli ikainama kuelekea barabarani. Kilichomwokoa ni kwamba mkono wake mmoja ulikuwa bado umeshika fremu ya mlango. Nikapanda mbio, nikainama kwenye bamba la mguu wa reli, nikaishika nati ya kwanza kwa vidole viwili, ikatoka na boliti yake nzima kama jino la mtoto. Ya pili nayo ikatoka. Ya tatu sikuivuta, ilinifuata yenyewe.

Nimeishika roliboliti hiyo, yaani boliti yenye ganda la chuma linalotakiwa kutanuka ndani ya tundu, kwenye mwanga wa taa na kuitazama vizuri. Ganda lake halijatanuka hata kidogo, na ile koni ya chini inang'aa bila mkwaruzo wowote, kana kwamba imetoka dukani asubuhi. Ganda limeviringishiwa kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji ili lijaze tundu lililotobolewa pana kupita kiasi. Mkia wa boliti umekatwa kwa grinda. Nilipoingiza msumari kupima kina cha tundu, nikagundua kwamba limepita kwenye marumaru na kwenye mota iliyoshika marumaru, kisha likaishia pale pale zege linapoanza! Juu yake akapaka silikoni nyeupe, safi, iliyonyooka, mtu akiiona anasema huyu ni fundi.

Nikampigia, akaja. Mbele ya wapangaji wote, na mama mmoja akiwa amembeba mtoto mgongoni, nikamuuliza kwa nini reli imeng'oka. Hakuinama hata kutazama tundu. Akaniambia: "Mama, reli si ya kuegemewa, ni ya urembo." Kisha akaichukua boliti mkononi mwangu, akairudisha kwenye tundu kwa kidole gumba, na akaomba nauli.

ZegeKavu

Pole sana dada, na mshukuru Mungu kwa fremu ya mlango. Mtu huyo hajui hata hesabu ya kitu anachokifunga. Reli yako bila shaka ina kimo cha mita moja hivi. Mtu akiisukuma kwenye sehemu yake ya juu kwa uzito wa kilo 50, ambao ni mtu mzima kuegemea tu bila fujo yoyote, na boliti za ndani zikiwa sentimita 10 kutoka ukingo wa bamba ulio upande wa barabara, basi boliti hizo zinavutwa kwenda juu kwa nguvu ya takriban kilo 500. Mguu wa reli ni wenzo. Ndiyo maana reli inahitaji ufungaji imara kuliko vitu vingi vizito vilivyomo ndani ya nyumba, na ndiyo maana karatasi ya mfuko wa saruji haiwezi kuishikilia.

MpangajiMzoefu

Bi mkubwa, pole, lakini tuseme ukweli. Mtaa mzima unamjua, wewe mwenyewe umesema unamjua, halafu ukamkabidhi ghorofa ya pili. Ulifuata bei. Mimi kama mpangaji ningependa kujua kodi yetu inakwenda wapi kama mwenye nyumba anashindwa kununua boliti ambazo hazijakatwa mkia.

BibiWaGhorofa

Wewe MpangajiMzoefu, boliti nilinunua mimi mwenyewe, nzima, ndefu, na risiti ninayo. Amezikata yeye kwa sababu keekee yake ilikuwa butu na hakutaka kutoboa zege. Nimelipa ufundi bei kamili. Lakini hata kama ningempa kazi hiyo kwa sahani ya ubwabwa, je, angekuwa na haki ya kusimama mbele ya mama mwenye mtoto mgongoni na kutamka kwamba reli si ya kuegemewa? Reli! Kitu ambacho kazi yake pekee duniani ni kuegemewa!

FundiMstaafu

Wanangu, mimi nimefunga vyuma kwenye zege tangu ujana wangu na kauli hiyo imenichoma moyo. Nieleze kidogo, kwa kuwa naona hasira ni nyingi.

Roliboliti haishikwi na tundu kwa kuwa imebana wakati wa kuingia. Unapokaza nati, boliti inavutwa juu, koni iliyo chini inaingia ndani ya ganda, ganda linafunguka na kusukuma kuta za tundu, na msuguano huo ndio unaobeba mzigo wote. Kwa hiyo tundu likiwa pana, ganda linazunguka bure na koni haipandi. Tundu likiwa na vumbi, ganda linasukuma unga badala ya kusukuma zege. Roliboliti ya ganda yenye uzi wa milimita 10 inataka tundu la milimita 16, na ile ya milimita 12 inataka tundu la milimita 20. Boliti nyembamba zile za kabari ni tofauti, tundu lake ni sawa na unene wa boliti yenyewe. Anayechanganya aina hizi mbili ndiye anayeishia kusokota karatasi.

Kina hupimwa kutoka zege linapoanza. Marumaru, mota na lipu havihesabiki. Utaisikia keekee ikibadilisha sauti inapokutana na kokoto, na vumbi nalo hubadilika rangi. Ukigonga nondo, usikate boliti. Hamisha tundu, na lile la kwanza lizibwe kwa mota ngumu. Kisha safisha kwa brashi ya waya na pampu ya kupulizia, rudia tena, maana vumbi la kwanza hutoka kwa urahisi na la pili ndilo linalogandamana na ukuta wa tundu.

Halafu kuna ukingo, jambo ambalo naona hakuna aliyeligusa. Zege likivutwa kupita uwezo wake hung'oka kwa umbo la koni yenye upana wa karibu mara tatu ya kina cha boliti. Boliti iliyozama sentimita 6 ndani ya zege inataka sentimita 9 hivi kutoka ukingoni ili ishike kwa nguvu zake zote. Hebu dada apime: bamba lake liko umbali gani kutoka mwisho wa baraza?

BibiWaGhorofa

Nimepima sasa hivi kwa tochi ya simu. Boliti za nje ziko sentimita 3 kutoka ukingoni, na kwenye mguu wa mwisho zege limeshapasuka hadi ninaona ufa unaopita kutoka tundu moja hadi jingine. Na huyo ndiye aliyeniambia ni ya urembo! Mzee wangu, shikamoo, na Mungu akubariki.

FundiMstaafu

Marahaba mwanangu. Ufa huo umetokana na ganda lenyewe. Boliti ya kutanuka husukuma pembeni muda wote, hata kabla mtu hajaegemea, na zege halistahimili kuvutwa. Nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya nguvu yake ya kugandamizwa. Ukingoni huwezi kutumia boliti ya kutanuka namna hiyo. Funga kamba kwenye mlango wa baraza usiku huu, mtu yeyote asitoke.

MwenyeRuninga

Dada una bahati kwamba yako ilikuwa kwenye zege. Mimi alinifungia runinga ya inchi 55 kwenye ukuta wa tofali za bloku zenye matundu, kwa roliboliti hizo hizo. Ganda lilipotanuka likavunja ukuta mwembamba wa bloku, likabaki linaning'inia ndani ya uwazi. Alipoona inazunguka bila kukaza, akachomeka plagi ya plastiki, ile ya kushikia skrubu ukutani, juu yake. Plagi ya nailoni ni kitu cha heshima tangu Artur Fischer wa Ujerumani alipoibuni mwaka 1958, lakini si kwa kuchomekwa ndani ya tundu lililokwisha kuvunjika. Runinga ilianguka wakati wa taarifa ya habari ya saa mbili. Alipokuja alisema ukuta wangu una unyevu.

BibiWaGhorofa

Angalau hakusema runinga si ya kutazamwa.

UpepoWaTanga

Sisi wa pwani tuna kilio kingine kabisa. Hata ukifungiwa vizuri, boliti za duka la kawaida zina upako mwembamba wa zinki uliokusudiwa ndani ya nyumba pakavu. Upepo wa chumvi unazimaliza. Reli yangu ilifungwa na fundi mzuri, tundu safi, kina sahihi, na bado kutu imetiririka kwenye ukuta kama machozi mekundu na nati zimebaki nusu. Karibu na bahari inatakiwa chuma cha pua cha daraja la 316. Nilipoulizia dukani nikaletewa boliti za kawaida zilizopakwa rangi ya fedha, na muuzaji akaniapia kwa watoto wake.

MhandisiKijana

Wakuu, hapa dawa ni gundi ya kemikali. Unatoboa, unasafisha, unajaza gundi kutoka chini kwenda juu, unaingiza fimbo ya uzi, yaani chuma chenye uzi wa boliti mwili mzima, kwa kuizungusha, unaiacha ikauke bila kuigusa. Haisukumi zege pembeni, kwa hiyo inavumilia ukingo kuliko boliti ya kutanuka. Reli ya dada ingefaa kufungwa hivyo, au ifungwe ubavuni mwa baraza badala ya juu yake.

ZegeKavu

Kaka, gundi nayo si ya kukabidhi yeyote. Tarehe 10 Julai 2006 kule Boston, Marekani, vipande vya dari ya zege vyenye uzito wa tani nyingi vilianguka ndani ya handaki la barabara na kumuua mwanamke aliyekuwa ndani ya gari. Uchunguzi ulikuta kwamba gundi ya kukauka haraka iliyoshika boliti ilikuwa ikilegea polepole chini ya mzigo wa kudumu. Tarehe 2 Desemba 2012 kule Japani, handaki la Sasago lililofunguliwa mwaka 1977 likaangusha dari yake na watu 9 wakafa, na huko pia boliti zilizoshikwa kwa gundi ndizo zilizong'oka. Hao walikuwa na wahandisi. Huyu wetu ana grinda na silikoni.

MhandisiKijana

Hizo zilikuwa dari, mzigo unaning'inia usiku na mchana. Reli huvutwa mtu anapoegemea tu. Usichanganye mambo.

ZegeKavu

Sichanganyi. Ninasema tundu chafu linaua gundi kama linavyoua ganda, na mafundi wetu wengi hawana hata hiyo brashi.

BibiWaGhorofa

Jamani, uzi huu ni wa reli. Ninarudia kwa waliochelewa: alisimama juu ya ufa alioupasua mwenyewe na akasema reli si ya kuegemewa. Naomba tumzungumzie yeye.

JotoKali

Mimi kiyoyozi changu cha nje kimefungwa kwenye ukuta ulio juu ya njia ya wanafunzi. Mabano yake yana boliti nne, mbili zinatikisika. Fundi, si huyo bali ndugu yake wa tabia, huja kila nikimwita na kuzikaza tena, na kila akizikaza zinatoka nje zaidi kidogo. Mzee FundiMstaafu, nizikaze mara ngapi?

FundiMstaafu

Usizikaze tena hata mara moja. Boliti inayotoka kila inapokazwa ina maana ganda halina kitu cha kushika, na spana inaivuta tu kutoka tundu lake. Hukazwa mara moja kwa spana ya kupima mkazo, kufuata kiwango kilichoandikwa kwenye pakiti. Boliti nyingi za kabari za milimita 12 huandikiwa karibu niutoni-mita 60. Mkazo hupungua kidogo baadaye, na hilo ni la kawaida, halihitaji spana ya pili. Ukuta wenyewe ni zege au bloku?

JotoKali

Bloku.

MwenyeRuninga

Nilijua.

FundiMstaafu

Basi zima kiyoyozi, kishushwe kesho kabla wanafunzi hawajapita asubuhi. Kikirudishwa, kifungwe kwenye nguzo au boriti ya zege. Kama haiwezekani, yapitishwe mafimbo ya uzi hadi upande wa ndani wa ukuta, yawekewe bamba la chuma pande zote mbili na nati juu yake.

UpepoWaTanga

Na hayo mafimbo, mzee, kwa sisi wa pwani yanapatikana ya chuma cha pua, au nitaletewa tena ya kupakwa rangi?

FundiMstaafu

Nenda na sumaku dukani. Chuma cha pua cha 316 hakivutwi, au huvutwa kwa unyonge sana. Kile cha rangi ya fedha kitaruka chenyewe kwenye sumaku mbele ya muuzaji.