Mrejesho: tumechagua upande wa Golf, Lubumbashi

Niliuliza hapa tupange nyumba mtaa gani, Bel-Air ao Golf, kwa mtu anayetembea kila asubuhi na kupanda kinga (baiskeli)? Tumechukua Golf. Aliyesema niende kupima barabara mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi, aksanti sana. Ile nyumba ya kwanza tuliyoiona ilikuwa nzuri, lakini mlangoni malori na vumbi tu! Huku nazunguka upande wa Ziwa Tshombe, napishana na wakimbiaji na wabeba makala (mkaa) waliofunikwa na magunia yao. Njia ya kinga iliyotengwa hakuna, tunapita pembeni, ila ni tambarare. Shemeji wa Bukavu, kinga yake anaisukuma mlimani. Garanti (pesa ya dhamana ya nyumba) ilikuwa kali, bibi yangu (mke) bado ananuna. Mvua za mwezi wa 11 zitanionyesha mitaro.