Mama kaacha vidonge vya sukari kwa sababu ya klipu ya WhatsApp, nimwambieje?

Binti wa Muheza
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mama yangu ana miaka 63, yuko Muheza, anaumwa kisukari mwaka wa tisa huu. Wiki mbili zilizopita mwenzake wa kikoba kamrushia klipu: mtangazaji wa taarifa ya habari tunayemjua nchi nzima anasema kuna unga wa mitishamba unamaliza sukari kwa siku 21, na kwamba hospitali "hazitaki mjue". Mama katuma 180,000 kwa simu, unga kaletewa na bodaboda, vidonge kavifungia kabatini. Nimempigia kumwambia katapeliwa. Kanijibu, "Wewe ndiyo unajua kuliko yule wa kwenye TV?" akakata simu. Mimi niko Dodoma. Klipu naiweka hapa chini, nisaidieni.

Fundi Redio
Dada, itazame tena ukiwa umezima sauti. Sauti imetengenezwa na akili mnemba, mdomo ukabandikwa juu ya picha ya zamani. Huwezi kutamka "bamia" bila kugusanisha midomo, jaribu hapo ulipo. Sasa huyo mtangazaji anatamka "mitishamba" mdomo wazi mwanzo mwisho. Halafu tangu lini msoma habari akamalizia na namba ya kutuma hela?

Nimefungua na ukurasa wao. Bei 360,000 imekatwa kwa wino mwekundu ili 180,000 ionekane ya bure. Kuna saa inahesabu dakika 15 kurudi nyuma. Funga, fungua tena, inaanza upya 15. "Zimebaki kopo 7." Jana zilikuwa 7, leo 7. Lengo lao ni usipate hata nafasi ya kumuuliza mwanao.

Kungwi Mstaafu
😂😂 Hizo kopo 7 zina baraka.

Mzee wa Korogwe
Msimcheke mama wa watu. Mwaka 2011 nchi hii ilipanda kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu kwa shilingi 500. Foleni za magari za kilomita na kilomita, na mawaziri walikunywa. Kila aliyerudi alikuwa na ushuhuda, na ushuhuda wenyewe ni wa wiki ya kwanza, mtu bado ana furaha ya safari. Nani alizunguka na daftari baada ya miezi sita? Mtaani kwetu yupo aliyetoa ushuhuda redioni wa dawa nyingine kabisa ya sukari. Tulimzika mwaka uleule, na tangazo lenye sauti yake likaendelea kupigwa.

Mti Dawa
Ninyi mnadharau mitishamba wakati bibi zenu waliishi nayo. Si kila kitu cha asili ni utapeli.

Dirisha la Dawa
@Mti Dawa hakuna aliyedharau. Tiba asili ina sheria yake tangu 2002 na ina Baraza chini ya Wizara ya Afya linalosajili waganga na dawa. Muuzaji aulizwe namba ya usajili, tuone kama ataitoa.

Binti, hofu yangu mimi ni vidonge vilivyoachwa, na pia hujui ndani ya unga kuna nini. Singapore mwaka 2008 watu 150 wasio na kisukari walifikishwa hospitali sukari imeshuka vibaya, wanne wakafariki. Dawa za nguvu za kiume zilizokuwa zikiuzwa kienyeji zilikutwa zimechanganywa na glibenklamaidi, dawa ya kisukari ya hospitali. Kwa hiyo hata mama akisema "najisikia vizuri", usitulie. Apimwe, na vidonge aende navyo kliniki wamwambie anavianzaje.

Mama Wawili
Mdogo wangu, hapa ugomvi wenu si wa klipu. Mama kamwamini yule wa kikoba, mtu anayeweka naye hela kila Jumamosi. Ukisema klipu ni ya uongo unamtukana shoga yake. Muulize taratibu huyo mama aliipataje. Mara nyingi kaambiwa atume kwenye makundi matano apate punguzo. Na usimwite mama mjinga kwa simu. Nenda na kipimo cha sukari, ajitoboe kidole mwenyewe.

Binti wa Muheza
Mrejesho. Nilipanda basi Ijumaa. Kuhusu punguzo ni kweli, makundi matano hayohayo! Jumamosi asubuhi kabla ya chai mama akapima: 18.2, juu sana. Akasema mashine mbovu. Akamwita mjukuu wake, akamtoboa: 5.1. Akakaa kimya, akajipima tena: 18.4.

Leo tumetoka kliniki, vidonge karudishiwa. Unga amekataa kuutupa. Anasema laki na themanini haitupwi, atauweka juu ya kabati mpaka yule shoga yake aje aueleze.