Kampuni ya intaneti inaangalia tunachofungua ili ituletee matangazo, najitoaje?

Mtu wa Pangani
Wakuu salaam. Nipo Marekani, Texas, na familia. Intaneti ya nyumbani tunatumia kampuni ambayo sitaitaja, kwenye apatimenti zetu ndo hiyo hiyo peke yake yenye waya, hata ukiichukia huna pa kwenda. Juzi naingia kwenye akaunti kulipa bili nakuta pameandikwa huko chini kabisa kwamba wanaweza kutumia taarifa za tovuti tunazotembelea na apu tunazotumia ili matangazo "yaendane na sisi", na kitufe kimeshawashwa, hakuna aliyeniuliza.

Ningepita zangu kama sio yaliyotokea sebuleni. Mimi na mke wangu tunahangaikia mtoto, na hilo ni letu wawili. Yeye ndo msomaji, kwenye simu yake anafungua kliniki za uzazi, gharama za kupandikiza mimba, bima inalipa au hailipi, mpaka usiku wa manane. Mama mkwe katutembelea kutoka nyumbani, mchana anashinda na tivii, basi humo humo yakaanza kutoka matangazo ya kliniki ya uzazi, likiisha moja linakuja jingine, mara mama anashika tumbo anacheka mara daktari anatabasamu. Bi mkubwa Kiingereza kwake ni cha kuombea maji lakini yale hayahitaji mkalimani. Jioni akamwita binti yake pembeni, kwa upole tu, "mwanangu kuna kitu mnanificha?" Mke wangu kalia usiku kucha na mimi ndo naangaliwa kama niliyetoa siri.

Sasa naomba ushauri, hii ni kampuni ya intaneti imefanya? Nikizima kile kitufe inatosha au ninunue VPN, ile huduma ya kupitisha intaneti yako kwa kampuni nyingine ili hawa wasione? Na kisheria huku wanaruhusiwa kweli?

Mzee wa Kijiweni
Mwambie mama mkwe hayo matangazo ya jirani, waifai zimeingiliana 😂😂
Pole lakini mkuu.

fundi_waya
Mkuu pole. Kazi yangu ni mitandao, ngoja nikutenganishie maana hapo unachanganya watu wawili.

Kampuni ya intaneti kila unachofungua kinapita kwake. Tovuti nyingi siku hizi zina https, yaani mawasiliano yamefungwa kwa siri, kwa hiyo haioni ukurasa gani umesoma wala ulichoandika, ila jina la tovuti inaliona, saa uliyoingia inaiona, na data uliyotumia inaiona. Watu husikia hivyo wakapumua, jamani jina la tovuti peke yake linatosha! Konda wa daladala hajui umeenda kumuona daktari gani, lakini akikushusha Ocean Road, hospitali ya saratani, kila wiki anajua unaumwa nini. Mkeo akifungua tovuti ya kliniki ya uzazi usiku mara kadhaa, hakuna haja ya kusoma alichosoma.

Ila tangazo kuhama kutoka simu ya mke kwenda tivii ya sebuleni, hilo mimi nisingekimbilia kumlaumu mwenye waya, yaani kampuni ya intaneti. Vifaa vyote vya nyumbani kwako vinatoka nje na anwani moja ya IP, yaani namba inayoitambulisha nyumba yako mtandaoni, na makampuni ya matangazo yanazitumia hizo anwani kukusanya vifaa vya nyumba moja kwenye fungu moja. Kliniki yenyewe mara nyingi imeweka kwenye tovuti yake vifuatiliaji vya Google au Facebook. Mkeo kafungua kwenye simu, fungu limeandikwa "nyumba hii inatafuta mtoto", tivii ipo kwenye fungu hilo hilo, mama mkwe kakaa mbele yake. Inawezekana mwenye waya hajagusa kitu kabisa.

Na tivii nazo zina mambo yake. Tivii janja nyingi zinatambua kinachoonekana kwenye kioo na kupeleka taarifa kwa kampuni iliyozitengeneza. Vizio, watengenezaji wa tivii, walilipishwa dola milioni 2.2 mwaka 2017 kwa mchezo huo, tivii milioni 11 zilikuwa zinarekodi watu wanachoangalia bila kuwaambia vizuri. Ingia kwenye mipangilio ya tivii leo leo, kwa Samsung tafuta Viewing Information Services, LG ni Live Plus, zima. Halafu zima na matangazo yanayolenga mtu kwenye tivii hiyo hiyo, pako sehemu tofauti, wamepaficha makusudi.

Kaka Bando
Maelezo meengi, weka VPN umalize kazi. Mimi hata kununua mchele naingia na VPN.

fundi_waya
Kaka Bando, VPN inamtoa mwenye waya anamkalisha mwenye VPN, kiti ni kile kile. Facebook walikuwa na VPN yao inaitwa Onavo, wameinunua 2013, watu wanaipakua bure wakijua wanalindwa kumbe inaiambia Facebook watu wanatumia apu gani. Apple wakaitoa kwenye duka lao 2018, mwaka uliofuata ikafungwa. Ya kulipia yenye jina zuri sawa, ya bure hapana. Na ukiwa na VPN halafu umeingia kwenye akaunti yako ya Google, Google anakujua vile vile.
Inkognito, ile hali ya siri ya brauza, pia isiwadanganye, ile inaficha historia kwa anayeshika simu yako, mwenye waya anaona kama kawaida.

Wakili wa Mtaa
Nijibu la sheria. Kitaifa wanaruhusiwa na sio bahati mbaya. Oktoba 2016 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ilipitisha kanuni kwamba kampuni ya intaneti lazima ikuombe ruhusa KABLA ya kutumia historia yako ya tovuti kwa matangazo. Kabla hazijaanza kufanya kazi Bunge lao likazifuta, Seneti 50 kwa 48, Baraza la Wawakilishi 215 kwa 205, Trump akasaini tarehe 3 Aprili 2017. Ndo maana kitufe unakikuta kimewashwa, mzigo wa kukataa wamekutwika wewe.

Hawa watu wana historia lakini. Verizon, kampuni ya simu, kuanzia 2012 walikuwa wanapachika namba ya siri kwenye mawasiliano ya wateja wa simu, ukifuta kuki (vifaili ambavyo tovuti huacha kwenye simu yako kukutambua) haifutiki, imekuja kugundulika 2014 na faini ya 2016 ikawa dola milioni 1.35, kwa kampuni ile hiyo ni hela ya chai. AT&T nao huko huko kwenu Texas, Austin, walipoleta fiba 2013 bei ilikuwa dola 70 ukikubali kuangaliwa na 99 ukikataa, yani unalipia faragha kama unavyolipia maji. Waliachana nayo 2016.

Habari njema kwako ni kwamba Texas ina sheria yake ya data iliyoanza 1 Julai 2024, inakupa haki ya kukataa taarifa zako kuuzwa na kukataa matangazo yanayokulenga. Kwa hiyo usibonyeze kitufe tu, waandikie pia, taja hiyo sheria, tunza nakala. Wakikuzungusha malalamiko yanaenda kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo.

Ndugu wa Bukavu
Miye niko Maine, Portland. Huku sheria iko tofauti, tangu 2020 kampuni ya intaneti lazima ikuulize mbele ndiyo itumie habari zako. Ukinyamaza ni hapana. Texas mko munaachiwa kazi ya kukataa wenyewe.

Mama Wawili
Naona wanaume mmejaa kwenye ruta na sheria, hakuna aliyemuuliza kuhusu mke. Kaka, mkeo halii sababu ya tivii. Analia kwa sababu mama yake kajua kabla hajawa tayari kusema. Usiende wewe kwa mama mkwe kujieleza, sio nafasi yako, mwache binti aongee na mama yake na wewe mpe nafasi, toka hata nenda dukani. Na mwambie waziwazi kuwa siri haijatoka mdomoni kwako, muonyeshe huu uzi kama ni lazima.
Simu yake pia msaidie, azime kitambulisho cha matangazo. Kwenye Android ni kukifuta, kwenye iPhone anakataa apu zisimfuatilie. Hiyo nilifanya mwenyewe nilipokuwa na mimba, nilichoka kuuziwa nepi.

Kijana wa Mbagala
Naomba kuuliza nje ya mada kidogo, sisi wa Bongo hiyo VPN vipi? Maana TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, walisema 2023 mwezi wa kumi ukitumia ujiandikishe.

Wakili wa Mtaa
Ndiyo, walitoa tangazo hilo, kwa hiyo usichukue ushauri wa mtu wa Texas ukaufanyia Mbagala. Ila na wewe una sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, ya 2022, imeanza Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ipo. Sheria inakupa haki ya kukataa taarifa zako zitumike kukutangazia biashara. Watu hawaitumii tu.

Mtu wa Pangani
Wakuu nashukuru sana. Nimezima kwenye tivii, kweli pako sehemu mbili tofauti, ya pili nimeitafuta mpaka nikataka kuipiga teke. Kitufe cha kampuni nimekizima na barua nimetuma. Mama Wawili dada yangu nimekuelewa, wapo wanaongea, mimi nipo nje kwenye gari hapa.
Fundi swali moja la mwisho, DNS (ile inayotafsiri jina la tovuti kuwa namba) nibadilishe kwenye ruta? Ruta yenyewe ni ya kampuni.

fundi_waya
Baadhi ya ruta za kampuni haziruhusu. Badilisha kwenye simu na brauza basi, kwenye Android ni Private DNS, unaandika one.one.one.one, DNS ya kampuni ya Cloudflare. Kwenye brauza ya Firefox kwa Marekani DNS ya siri imeshawashwa yenyewe tangu 2020. Itapunguza, haitamaliza, jina la tovuti bado linachungulia mwanzo wa muunganisho.
Na laini zenu za simu mmeziangalia? Kampuni ya simu nayo ina kitufe chake, na mara nyingi kila laini ina chake, ukizima kwako ya mkeo inabaki imewashwa.