Tupeane uzoefu: neno uliloambiwa na bado unalo hadi leo

MamaPloti_Nax (Nakuru)

Habari zenu wanajamii. Nimefungua huu uzi juu kuna kitu imenikaa kwa roho. Hapa kwetu ploti ukuta ni wa mabati, huwezi kosa kuskia watu wakiongea na watoto wao asubuhi kabla ya shule, na naona vile yule mtoto anaambiwa kila siku "we ni mzigo tu, sijui nilikuzaa ya nini" hutembea ameinamisha kichwa, na huyu wa mlango wa pili mwenye babake humwamsha na "haya injinia, kumekucha" anatembea tu tofauti kabisa. Wote wanakula sukuma ile ile na wanaenda shule ile ile. Kwa hivyo mtu akiniambia maneno hayavunji mfupa mimi sikubali.

Methali za ulimi tulifunzwa zote shule, hizo tuziweke kando. Nataka stori yako. Uliambiwa nini, na nani, ulikuwa unapitia nini wakati huo, na hilo neno lilikufanya ufanye nini. Likiwa zuri ama baya, liandike vile lilisemwa. Ombi langu ni moja tu, usitaje jina la mtu, shule wala hospitali, tumekuja kujifunza si kulipiza.

Naanza na yangu. Nilipofiwa na bwanangu watu walisema mengi, ni mapenzi ya Mungu, kaza moyo, muda utaponya, na sikatai walinitakia mema. Lakini kuna mama huniuzia mboga pale Wakulima alinishika mkono akasema "leo chukua tu, na siku ingine ukija usiogope kuniambia huna." Hakuna mtu alikuwa ameniambia kitu kama hiyo. Nilikuwa nimeacha kwenda soko juu niliogopa watu waone nikihesabu sarafu. Hiyo "usiogope kuniambia huna" ndiyo ilinitoa kwa nyumba.

Mshauri_Kondele (Kisumu)

Pole sana mama, na asante kwa kufungua hii. Yangu ni ndefu mnivumilie.

Mimi ni mshauri kwa kliniki ya HIV huku Kisumu na mwenyewe naishi na virusi, sifichi. Nilipimwa kabla ARV, dawa za kupunguza virusi, zianze kutolewa bure hospitali za serikali, hiyo ilikuja 2006, kwa hivyo wakati wangu ukijulikana uko nayo watu wanakuzika kwa mdomo ukiwa bado unatembea. Huku kwetu wengi waliita chira, yaani umevunja mwiko wa nyumbani, na ubaya ni ati ukishaambiwa ni chira unajua dawa yako ni manyasi, yaani mitishamba, na wazee, hospitali unaenda ukiwa umebebwa. Watu wangapi wamelala hivyo. Mtaani nako ni "huyo amekanyaga waya", na ukiskia hiyo ukipita dukani unarudi nyumbani hata kile ulikuwa umetumwa hukununua.

Sasa yule nesi alinipea majibu hakuanza na pole. Aliniuliza "watoto wako wako darasa gani?" Nikamwambia, mdogo alikuwa hata hajaanza shule. Akavuta kiti karibu akasema "basi tupange mimi na wewe hadi huyu mdogo amalize fom foo." Mimi nilikuwa nimeenda nikijua naenda kupewa tarehe ya kufa, nikatoka na kazi ya kufanya. Huyo mdogo alimaliza fom foo, na mimi niko hapa naandika.

Ndio maana leo mtu akirudi kliniki baada ya kupotea mimi simuulizi "ulikuwa wapi?" Nimeona mama akiulizwa hivyo mbele ya foleni yote, kwa sauti, akaitwa mtoro, akageuka akaenda na kumrudisha ilikuwa shida kubwa. Mimi namwambia "karibu tena, nimefurahi umekuja", hayo ya wapi tutaongea tukiwa wawili mlango umefungwa. Na kwa wenye hawajui, mtu akimeza dawa vizuri hadi virusi vipungue kiasi cha kutoonekana kwa kipimo, na vikae hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Hayo pia ni maneno, na nimeona ndoa zikisimama juu ya hayo.

Stage_Luanda

Mimi niliambiwa na mteja "asante kwa kuendesha pole pole, nina mtoto mgongoni." Basi. Nilikuwa nimekaribia kuacha hii kazi ya boda siku hiyo juu kila mtu hututusi barabarani. Sijaacha.

Jirani_Kaptembwa (Nakuru)

Januari 2008 mimi nilikuwa mpangaji Kaptembwa. Watu wakisimulia ile vita ya baada ya uchaguzi wanaanza na panga na moto, mimi naanza na maneno juu yalitangulia, na yalikuja pole pole mpaka tukazoea. Kwa matatu mtu anatupa mzaha kuhusu kabila fulani watu wanacheka na wewe unacheka pia ndio usionekane. Meseji zinaingia kwa simu hujui nani ameanzisha. Huko Bonde la Ufa watu wa kutoka nje walikuwa wanaitwa madoadoa tangu miaka ya tisini, na ukishaitwa doa wewe si jirani tena, wewe ni kitu ya kufutwa. Tume ya Waki, ile ilichunguza hiyo vita, ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchi nzima.

Siku yenyewe vijana walikuja kwa geti yetu wakauliza wapangaji ni kabila gani. Mwenye ploti alikuwa mama mzee, wa kabila lao. Alitoka na leso yake tu. Hakupiga kelele, alianza kuwauliza mmoja mmoja "wewe ni wa nani? mamako anajua uko hapa?" na wale aliwajua aliwaita kwa majina ya utotoni, yale ya mamake mtu humuita nayo nyumbani. Halafu akasema "hawa wako ndani ni watoto wangu, hapa hakuna mgeni." Nakuambia vijana walisimama hapo wakiangalia chini, na wakaenda. Sisi tulitoka usiku na polisi tukapelekwa Showground na maelfu ya wengine, lakini tulitoka tukiwa hai.

Mwaka huo huo bunge likapitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, matamshi ya chuki unaweza pigwa faini hadi milioni moja ama jela hadi miaka mitatu ama zote mbili. Na kabla ya uchaguzi wa 2022 ile tume ya uwiano ikaweka madoadoa kwa orodha ya maneno ya kuepukwa. Nashukuru hiyo sheria sana. Lakini siku ile getini haikuwepo, ni yule shosh mwenye ploti alikuwepo, na kila uchaguzi ukikaribia mimi huenda kwa vijana wa hapa mtaani nikawahadithia vile alisema, neno kwa neno.

Mwalimu_Vihiga

Nimefundisha shule za msingi miaka mingi. Viboko vilipigwa marufuku 2001 na walimu wenzangu wengi wakabadilisha tu, kiboko kikahama kutoka mkono kikaenda mdomo. Wengi hawajui ati Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kudhalilisha iwe ya mwili ama ya kisaikolojia, kwa hivyo "wewe kichwa chako ni maji" mbele ya darasa pia ni kosa.

Kile naweza sema kwa uzoefu ni kwamba mtoto hasikii "hesabu hii umekosa", anasikia "wewe si mtu wa hesabu" na anaibeba hadi anazeeka nayo. Nina wazazi hapa wenye watoto wao nawafundisha na bado wanakumbuka mwalimu aliwaambia nini darasa la tano. Kwa ripoti za siku hizi kuna kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na mbali na matarajio, na mzazi akisoma hiyo ya mwisho anachapa mtoto jioni. Kwa hivyo mimi pale pa maoni siandiki "aongeze bidii", hiyo haimwambii mtu chochote. Naandika "anajua kujumlisha, sasa tunafanya kutoa kwa kukopa, msaidie na mahindi jioni." Wazazi wamekuja kunishukuru kwa sentensi kama hiyo kuliko kwa alama.

Mwana_wa_Webuye

Kwetu Bukusu mzee wa heshima akifa, baada ya mazishi kunakuwa na kumuse. Anasimama msemaji, na si kila mtu anaweza, ni watu wa koo fulani tu, anatembea mbele ya watu na fimbo yake akiongea, na akiongea hakuna kuinuka, hakuna kupitapita mbele yake, hata mtoto ananyamazishwa. Anasema historia, anafariji, anakaripia. Wakati wa kumuse ya kuka wangu, yaani babu, watu wetu walikuwa wamegawanyika kwa ajili ya shamba, ndugu hawasalimiani, na kila mtu aliogopa atataja nani. Hakutaja mtu. Alisema vile mzee alikuwa anagawa chakula, nani anaanza nani anamaliza, akaacha hapo akaendelea na mengine. Baba zangu wadogo waliongea wiki hiyo. Shamba bado lina maneno lakini sasa wanakaa meza moja kuyaongea.

Nimejifunza hapo ati mtu mwenye kazi yake ni maneno pia hujua lile la kuacha.

Dada_Busia

Nimesoma zote. Mimi sina stori nina swali. Dadangu amepoteza mimba ya miezi sita, naenda kwake kesho na sijui niseme nini. Msaada tafadhali.

Mshauri_Kondele

Pole sana dada, kwako na kwake. Usimwambie "utapata mwingine", na usianze na "angalau". Mwambie "nimekuja kukaa na wewe" halafu ukae kweli, upike, ufue. Kama alikuwa amempea mtoto jina, muulize, na akikuambia ulitumie. Usimuulize alifanya nini hadi ikatoka, hilo swali anajiuliza usiku kucha na mara nyingi hakuna kitu alifanya. Akiwa na joto mwilini, damu nyingi ama maumivu ya tumbo mpeleke hospitali hiyo hiyo siku. Na mume wake pia umpe pole yake, watu hupita yeye wakienda kwa mama.