Wadudu wageni kwenye mawe ya bahari: nichemshe mawe yote?

Mama Plamedi, Kampemba

Jambo yenu, bandugu. Nahitaji macho yenu. Familia moja iliyokuwa inahama kutoka mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi, ilituuzia akwariamu yao ya maji ya chumvi, lita 200 na kitu, pamoja na mawe yake ya bahari, samaki klauni wawili, kamba, konokono na matumbawe laini kidogo. Bwana yangu ndiye aliyeipenda, mimi ndiye ninayeitunza. Mchana ni nzuri kweli, hata majirani wanakuja kukaa tu kuangalia.

Usiku ndipo ninapoogopa. Nikizima taa nikarudi na tochi ya simu, naona viumbe ambavyo hatukununua. Kuna mnyoo wa rangi ya waridi, mrefu kama kidole changu, ana nywele nyeupe pande zote mbili. Ukimmulika anajivuta tunduni. Kuna vitu vya kahawia kama ua lenye mikono myembamba, ukivigusa vinaingia ndani mara moja, na kila nikihesabu vimeongezeka. Kwenye kioo kuna nyota ndogo nyeupe, si kubwa kuliko ukucha wa mtoto, nyingine miguu mitano, nyingine sita, nyingine miguu miwili mirefu na mitatu mifupi. Kuna vijirija vigumu vilivyogandia jiwe vinatoa utando wa kunata. Na ndani ya jiwe kubwa kuna sauti, tak! tak!, mpaka bwana alidhani kioo kinapasuka.

Konokono wanakufa mmoja baada ya mwingine, na kamba naye amekufa. Konokono wa mwisho nilimkuta yule mnyoo yuko juu yake anakula. Tena Plamedi aliingiza mkono kuokota gamba, vidole vikamchoma hadi asubuhi.

Shemeji anasema nitoe mawe yote niyachemshe kwenye sufuria kubwa ya bukari (ugali), kila kitu kife, tuanze upya. Nataka kufanya hivyo Jumamosi. Nimeweka picha tatu. Nisaidieni.

Laboranti wa Lushi

Mama Plamedi, usichemshe. Naanza na hilo kwa sababu Jumamosi iko karibu.

Angalia picha yako ya pili, chini kushoto. Vile vidude vya duara vya kahawia vilivyoshikana kwenye ngozi moja, vyenye vikono vifupi ukingoni, naviona ni Palythoa, wanyama wa bahari wanaofanana na matumbawe, au ndugu zake wa karibu. Wengi wa jamii hiyo wana sumu inayoitwa palitoksini. Moore na Scheuer waliitenga kule Hawaii mwaka 1971, na mpaka leo imo katika orodha ya sumu kali kuliko zote zinazotoka kwa viumbe hai. Ndani ya maji, zimetulia, hazikufuati. Ukichemsha jiwe, au ukilisugua kwa maji ya moto, sumu inapanda na mvuke na nyumba nzima inaivuta. Marekani na Ulaya familia zimefikishwa hospitali pamoja na watoto na mbwa wao kwa sababu hiyo hiyo: kikohozi, homa, kifua kubana, moyo kwenda vibaya. Dawa maalumu ya kuipinga hakuna, daktari anatibu dalili tu. Mwambie shemeji kwa heshima zote kwamba sufuria ibaki ya bukari. Na kuanzia leo, mkono ukiingia humo uwe na glovu, usiguse macho, halafu unawe.

Sasa mnyoo. Huyo unamwonea. Minyoo wenye manyoya wa aina hiyo ni wazoa taka: wanakula chakula kilichobaki, mavi ya samaki, na maiti. Ulimkuta juu ya konokono kwa sababu konokono alikuwa ameshakufa au anakata roho. Yuko mnyoo mbaya kweli, Hermodice carunculata, wa Atlantiki na Mediterania, mwenye vishada vyekundu ubavuni na kitu cha kukunjamana kichwani, anayepanda juu ya matumbawe na kuyala. Wa kwako hana vishada hivyo. Mwache. Akizidi kuongezeka, jua mnalisha kupita kiasi. Punguza chakula na yeye atapungua. Kwa vidole vya Plamedi, pole sana kwa mtoto: yale manyoya huvunjika na kubaki kwenye ngozi. Bandika utepe wa gundi, uuvute polepole ili utoke nayo, kisha paka siki. Usisugue kabla ya hapo, yataingia zaidi.

Nyota ni Asterina, viti vya pweza vidogo. Miguu haifanani kwa sababu wanazaana kwa kujigawa, kila kipande kinaota miguu iliyokosekana. Wengi wanalamba utando wa kioo basi. Ukiwaona wamekaa juu ya matumbawe na pale walipokaa pamebaki peupe, hao waokote.

Vijirija ni konokono wa jamii ya Vermetidae. Utando ule ni wavu wao wa kunasia chakula, na ukigusa tumbawe, tumbawe linafunga na kudhoofika. Vunja kijirija kwa koleo, halafu ziba mdomo wake kwa gundi ya super glue ya jeli, ile inashika hata majini.

Adui yako halisi ni yale maua ya kahawia. Ni Aiptasia, anemone ndogo wa baharini, mnyama anayefanana na ua. Yanachoma majirani, na ukiyakwangua kila kipande kinachobaki kinakuwa Aiptasia mpya. Ndiyo maana yanaongezeka. Fanya hivi: tafuta hidroksidi ya kalsiamu safi, si chokaa ya kupaka ukuta. Ikoroge na maji kidogo sana mpaka iwe uji mzito, vaa glovu na miwani maana inaunguza. Zima pampu. Chukua sindano ya hospitali, isogeze taratibu kutoka juu mpaka ncha ifike karibu na mdomo wa Aiptasia bila kugusa mikono yake. Bonyeza kidogo. Itafungua mdomo imeze, kwa kuwa inadhani ni chakula, kisha itajikunja. Hapo ifunike yote kwa uji uliobaki. Subiri uji utulie kabla ya kuwasha pampu. Usifanye nyingi kwa siku moja, pH (kipimo cha asidi ya maji) itaruka. Baadaye ukipata kamba wa Lysmata wurdemanni watakusaidia kula zile ndogo, ila muuzaji asikupe Rhynchocinetes badala yake: naye ana mistari myekundu na myeupe, lakini ana nundu mgongoni na macho makubwa, na huyo anakula matumbawe.

Sauti ya tak ni kamba mpiga risasi, au kamba wa aina ya vunjajungu. Wa kwanza hana neno. Wa pili anapiga konokono mpaka gamba linapasuka. Nimekuza picha yako ya maganda: yote mazima, hakuna tundu, hakuna ufa. Kwa hiyo konokono hawakuuawa kwa kupigwa, wala mnyoo hakuwaua.

Ndipo nikaangalia picha ya tatu. Nyuma ya jiwe kubwa kuna jiwe la kijani la umbo la yai, lenye mistari ya kijani iliyokoza. Mama, hilo ni malakiti?

Mama Plamedi, Kampemba

Yaya (ndugu mkubwa), aksanti sana. Sufuria nimeirudisha jikoni. Plamedi nimembandika utepe, manyoya membamba kama ya mahindi yametoka, ametulia.

Ndiyo, ni malakiti. Bwana yangu alilinunua kwa wachongaji wa hapa mjini, akaliweka humo siku akwariamu ilipofika, anasema bila kitu cha Katanga ingebaki ya watu wa Golf. Lina shida gani? Nyumba zote Lubumbashi zina malakiti.

Laboranti wa Lushi

Nyumba zote, ndiyo, lakini juu ya kabati. Litoe leo usiku huu, usingoje kesho.

Mimi kazi yangu ni kupima shaba. Malakiti ni kabonati ya shaba, zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba. Kwenye mawe ya mgodi tunaisoma kwa asilimia. Kwenye bahari ya kawaida inasomwa kwa mikrogramu, mara nyingi chini ya moja kwa lita. Kiumbe wa bahari asiye na uti wa mgongo amezoea hiyo. Dawa ya shaba wanayowatibia samaki madoa meupe hufanya kazi kwenye miligramu 0.15 hadi 0.2 kwa lita: samaki anapona, konokono na kamba wanakufa, matumbawe yanakufa. Ndiyo maana samaki wako wawili wanaogelea kama kawaida huku wengine wanaondoka.

Na si jiwe peke yake. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha shaba kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 2 kwa lita. Yaani maji yanaweza kuwa salama kabisa kwa Plamedi kunywa, na yakamaliza kila kamba. Kwa hiyo maji ya bomba au ya kisima usiyatie chumvi moja kwa moja. Yapitishe kwanza kwenye mashine ya osmosi, ile inayochuja maji kwa utando, yenye resini ya kunyonya madini mwishoni, kipimo cha TDS (madini yaliyoyeyuka majini) kisome 0, ndipo uweke chumvi, kama gramu 35 kwa lita. Kagua pia kama kuna valvu au kiungo cha shaba ya njano popote maji yanapopita. Bwana akitoka mgodini, anawe hadi kwenye viwiko kabla ya kugusa maji.

Ukishatoa jiwe: badilisha robo ya maji, weka kaboni mpya kwenye filta pamoja na resini ya kunyonya metali, na ununue kipimo cha shaba cha matone. Mawe ya bahari ni kabonati ya kalsiamu, yanashika shaba na kuirudisha taratibu, kwa hiyo usinunue konokono wengine kwa sababu tu maji yamesoma sifuri mara moja.

Mzee wa Katuba

Mama, yaya amekueleza vizuri, mimi naongeza la umeme maana hapa kwetu ndilo linaloua zaidi kuliko mnyoo yeyote. Umeme ukikatika, watu wanakimbilia taa. Taa iache, matumbawe yanavumilia giza siku moja au mbili. Kinachoisha kwanza ni oksijeni. Nunua pampu ndogo ya hewa ya betri, ile inayojiwasha yenyewe umeme ukienda, na uwe na betri ya volti 12 yenye paneli ya jua kwa pampu moja ya kuzungusha maji. Umeme ukiwa umekwenda, usilishe.

Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane usiku wa Lubumbashi ni baridi kweli, na hao ni watu wa nyuzi 24 hadi 27. Funika kioo kwa blanketi pande tatu, acha juu pumzi iingie. Chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri zinasaidia, ila maji yasipande haraka.

Kingine, mtu akikuambia atakuletea mawe au matumbawe kutoka pwani ndani ya mfuko, mkatalie. Matumbawe magumu yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hata mawe yake, na kuyavusha mpaka bila kibali ni kesi. Nunua kwa anayeonyesha karatasi, na jiwe jipya likae kwenye ndoo ya peke yake yenye pampu na hita kwa wiki kadhaa, ulimulike usiku kabla halijaingia kwa wenzake.

Mama Plamedi, Kampemba

Papa, yaya, Mungu awabariki. Jiwe limetoka, liko sebuleni. Kipimo cha shaba nimemwagiza mtu anayekwenda Lusaka, maji ya osmosi nitachukua kwa duka la maji huku kwetu.

Laboranti wa Lushi

Maji ya duka ni sawa, ila nenda na kipimo chako cha TDS uyapime palepale kabla ya kulipa, kwa sababu wengine wanarudishia madini ili yawe na ladha. Uliza pia bidoni (dumu la maji) ilikuwa na nini kabla. Kipimo cha shaba kikifika, pima maji ya akwariamu, ya bidoni na ya bomba, yote matatu, uniandikie namba hapa.