Mtoto kapimwa, ripoti imefungiwa kabatini! Wazazi wa Mombasa mpo?

Nimenyamaza vya kutosha. Mwanangu yuko Gredi ya 2 katika shule moja ya serikali huku Kisauni. Mwaka jana alipimwa, ripoti ikatoka kwamba ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika ilhali akili anayo, nikaipeleka shuleni kwa mkono wangu. Hadi leo iko kwenye kabati la mwalimu mkuu. Mwalimu wa darasa hajaiona. Juzi kamsimamisha mtoto asome hadithi kwa sauti, kakwama mstari wa kwanza, darasa zima likamcheka, na mwalimu akamwita mzito.

Mzito wa nini? Chuoni, madrasa, mtoto huyuhuyu kahifadhi sura kadhaa za Qur'ani kwa kusikiliza tu. Ustadhi akizirudia mara mbili tatu, keshashika. Mpe asome mwenyewe sasa: herufi za Kiarabu ba, ta na tha zote kwake ni moja, nukta hazioni tofauti. Shuleni ni b na d. "Mba" anaisoma "ma". Neno alilolisoma juu ya ukurasa, akilikuta chini kana kwamba hajapata kuliona. Ustadhi ndiye aliyeniambia, mpime mtoto huyu, akili anayo ila herufi hazimkai. Shule iliniambia nimrudishe PP2, chekechea!

Jamani, disleksia haitoki kwa kurudia darasa. Ukimfundisha vilevile mwaka wa pili, atashindwa vilevile, na safari hii atakuwa ameshaamini kwamba yeye ni mjinga.

Na msiniambie mambo haya ni mageni. Vituo vya kupima watoto, EARC, vilianza Kenya mwaka 1984. Taasisi ya KISE kule Nairobi ilianzishwa 1986 ili kuandaa walimu wa elimu maalum. Ni miaka arubaini hiyo! Kupima kwenyewe kulikwenda vizuri, sina lawama. Kwanza tuliambiwa tuhakikishe macho na masikio yake ni mazima, kisha akajaribiwa sauti za herufi, silabi, kuandika, hesabu. Tatizo limeanzia pale karatasi ilipofika shuleni.

Ripoti inasema nini? Asisomeshwe mbele ya wenzake. Swali la hesabu asomewe, ajibu kwa mdomo. Apewe muda zaidi. Afanye silabi kidogo kidogo kila siku, na awe na kipande cha kadi cha kufunika mistari ya chini anaposoma. Kadi! Naijua hali ya mwalimu mwenye watoto themanini darasani, na wallahi namhurumia. Lakini kumwacha mtoto asisome mbele ya watu kunamgharimu nini? Na atajuaje, ikiwa mkubwa wake kaifungia ripoti?

Nilipouliza, mwalimu mkuu akanijibu nimpeleke kitengo maalum ng'ambo ya feri. Ripoti imeandika waziwazi abaki darasa la kawaida na asaidiwe humo humo. Huyu hajaisoma, ama kaisoma na hataki kazi.

Katiba, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu pamoja na jamii yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumpiga mwanafunzi na pia kumtesa kiakili. Kumwita mtoto wa miaka minane mzito mbele ya wenzake ni nini kama si hicho?

Wiki hii natoa nakala. Moja nampa mwalimu wa darasa mkononi, nyingine naipeleka ofisi ya elimu ya kaunti ndogo pamoja na barua, na nitataka igongwe muhuri kwamba imepokewa. Wenye ripoti kama hii, Changamwe, Jomvu, Likoni, Nyali, msiache shuleni karatasi asili, bakini nayo nyumbani.

Na nauliza kwa dhati: kuna mzazi yeyote hapa Mombasa ambaye shule ilikaa naye chini, ikaandika mpango wa mtoto wake peke yake, na ikaufuata? Niambieni ulivyoandikwa, niende nao.